Msimamizi wangu asimame badala yangu?

BARUA

Shikamoo Mwalimu.

Mimi ni mtafiti hapa Unguja, nina miaka 29, na bado niko masomoni. Kazi yangu ni mwani. Tangu mwaka juzi nashuka pwani na kina mama wanaolima upande wa mashariki, napima joto la maji na kuangalia mwani unavyopauka na kukatika.

Mwaka jana nilikwenda kwenye kongamano langu la kwanza, katika mji ambao sitautaja. Nilipewa dakika 12 za kusema na dakika 3 za maswali. Nilikuwa na slaidi 31. Nilianza na historia ya mwani Zanzibar, nikaweka ramani, nikaweka na ramani nyingine, nikaeleza aina zote mbili zinazolimwa na zilikotoka. Niliponyanyua macho, mwenyekiti wa kikao alikuwa ameshainua kile kikaratasi cha kuonyesha zimebaki dakika 2, na mimi ndiyo kwanza naeleza nilivyopima. Nikaanza kukimbiza. Slaidi za matokeo, ambazo ndizo nilizozihangaikia mwaka mzima, zilipita bila mtu kuzisoma. Michoro ilikuwa na rangi saba na maandishi madogo kama sisimizi.

Halafu likaja swali. Mzee mmoja wa mstari wa mbele, mwenye mvi, akauliza kwa Kiingereza cha taratibu: hilo joto ulilipima kwenye kina gani, na saa ngapi za mchana? Mwalimu, swali nililielewa. Na jibu nilikuwa nalo: nilipima maji yakiwa yamekupwa tu, kwa kipimajoto cha mkononi, kwa sababu ndicho tulichokuwa nacho. Lakini mdomo ulikauka. Nikamwambia asante kwa swali lako, nikanyamaza, nikasema tena asante. Nyuma kuna watu walicheka. Labda walikuwa na mambo yao, sijui, ila mimi kicheko nilikisikia. Nikachomoa flashi yangu nikatoka. Siku mbili zilizobaki nilijifungia chumbani, nakula mkate na chai, nasubiri siku ya safari.

Nilirudi kazini nikaomba vipimajoto vile vinavyojirekodi vyenyewe, nikavifunga sehemu mbili: kwenye mashamba ya kawaida ya kina kifupi, na nje kidogo kwenye maji marefu. Vimekaa miezi 9. Matokeo yamekuja mazuri kuliko nilivyotarajia. Msimamizi wangu akanishauri nitume ikisiri, yaani muhtasari wa utafiti, kwenye kongamano la sayansi ya bahari litakalofanyika Mombasa. Nikatuma, ikakubaliwa, na nimepewa nafasi ya kusema, si ya kubandika bango la utafiti ukutani.

Tangu barua pepe ile iingie silali vizuri. Msimamizi wangu namheshimu sana, na yeye ndiye aliyenitafutia fedha za utafiti. Ameniambia, "Kama unaogopa nitawasilisha mimi, nimeshazoea." Hakusema kwa ubaya. Moyo mmoja unaniambia nikubali, moyo mwingine unakataa. Kiingereza changu ni cha kusoma na kuandika, cha kusema mbele za watu kinanikimbia. Lakini siku ya mwisho, tulipokuwa tunafungua vile vipimajoto, mama mmoja mkulima alinishika mkono akaniambia, "Kawaambie huko kwamba maji yamekuwa ya moto." Nikimkumbuka yeye ndiyo sijui kabisa nifanye nini.

Jambo jingine dogo. Nimepata barua pepe inayonialika Dubai kuwa mzungumzaji mkuu kwenye mkutano wa kimataifa wa kilimo, baiolojia, uhandisi na afya. Wanataka nilipe dola 699 kabla ya mwisho wa wiki. Nianzie huko kujizoeza?

Mwanao,
Mtafiti wa mwani, Unguja

JIBU

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilikuwa na kalamu mkononi, nikapigia mstari mahali ambapo wewe ulipita haraka. Unasema ulirudi kazini ukaomba vipimajoto vinavyojirekodi, ukavifunga kwenye vina viwili, vikakaa miezi 9. Wazo hilo ulilitoa wapi? Hukulisema, lakini mimi naliona: ulilitoa kwa yule mzee mwenye mvi. Alikuuliza kina gani na saa ngapi. Siku ile hukumjibu, ukaenda kumjibu kwa miezi 9 ya kushuka pwani. Utafiti wako wa mwaka huu umezaliwa ndani ya zile dakika 3 ambazo wewe unazihesabu kuwa ndizo zilizokuangamiza. Ungewasilisha vizuri mwaka jana, ukapigiwa makofi na kurudi nyumbani bila swali lile, pengine leo bado ungekuwa unapima joto kwa kipimajoto cha mkononi maji yakikupwa.

Nataka ulishike hilo kabla hatujafika kwenye mengine, kwa sababu naona umekwenda kwenye kongamano kama mtu anayekwenda kufanya mtihani, na bado unaamini ulifeli. Hukuwa kwenye mtihani. Ulikuwa mbele ya watu wanaofanya kazi kama yako, na mmoja wao alikuonyesha pengo. Kazi ya kongamano ni hiyo.

Sasa la msimamizi. Simama wewe.

Sisemi hivyo kwa sababu ya ushujaa. Nasema kwa sababu ya zile dakika za maswali. Slaidi zako msimamizi wako anaweza kuzisoma, tena vizuri. Lakini atakapoulizwa kama kuna kipimajoto kilichofukiwa na mchanga wakati wa kusi, au kama wakulima walihamisha vigingi vya kufungia kamba katikati ya msimu, atajibu nini? Anayejua ni aliyeingia majini. Kisha yapo mambo ya baadaye: ukumbi humkumbuka mtu aliyesimama. Watu watakaotaka kukuandikia, kukupa nafasi ya masomo, kukuomba mshirikiane, watakuwa wamemwona yeye. Jina lako litakuwa kwenye slaidi ya kwanza, wakati wao bado wanatafuta viti.

Mwambie kwa adabu, na umwambie mapema. Mimi ningesema hivi: "Profesa, nakushukuru kwa kunibeba mpaka hapa. Naomba nisimame mwenyewe. Ila naomba unisikilize mara mbili kabla hatujaondoka, na siku yenyewe ukae mbele ili nikuone." Msimamizi mwema hatakasirika kwa maneno hayo. Utakuwa umempa kazi iliyo kubwa kuliko kusoma slaidi. Na usije ukaomba kubadilishiwa iwe bango kwa ajili ya woga. Bango ni kazi ya heshima, na kuna utafiti unaoeleweka vizuri zaidi pale watu wanaposogea na kuuliza mmoja mmoja, lakini lichague siku utakapolitaka.

Tuje kwenye zile dakika 12. Dakika 12 ni sekunde 720. Ukizigawa kwa slaidi 31 kila slaidi inapata sekunde 23. Kilichokuangusha ni hesabu hiyo. Kiingereza unakisingizia. Hata mtu aliyezaliwa London angekwama kwenye ramani ya pili.

Historia yote itoe. Katika ukumbi wa watu wa bahari wa kanda hii, wengi wanajua kwamba kilimo cha mwani cha biashara kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, kwamba mbegu zilitoka Ufilipino, kwamba kati ya zile aina mbili spinosum ndiyo inayostahimili na kotoni ndiyo yenye bei nzuri ila imekuwa ikifa kwenye mashamba ya kina kifupi. Ukiwarudishia hayo kwa dakika nne, umewanyima dakika nne za kitu ambacho wewe peke yako unacho.

Anza na picha moja: kiganja kimeshika tawi la mwani lililopauka. Wewe umeshaliona mara nyingi mpaka umelizoea, lakini litazame tena. Kwenye shina lina rangi yake, hudhurungi au kijani, linateleza na kung'aa. Kisha katikati linakuwa jeupe kama mfupa, limelainika, na ukiligusa tu kwa kidole linakatikia hapo hapo penye weupe. Kile kilichobaki kinachukuliwa na mkondo. Watu ukumbini wakikiona kiganja hicho hutahitaji kuwaeleza kwa nini utafiti wako una maana. Mwombe ruhusa mwenye kiganja, na umwambie picha itaonyeshwa wapi.

Halafu sema jambo moja. Sikiliza vizuri hapa, maana ndipo wanasayansi vijana wengi wanapojikwaa. Mna matokeo sita mnayoyapenda yote, mnataka kuyasema yote sita, na msikilizaji anaondoka bila hata moja. Chagua moja. Kwa barua yako nadhani ni hili: mwani wa maji marefu na mwani wa kina kifupi ulipata joto tofauti kiasi gani katika miezi ile 9, na upi ulipauka zaidi. Andika sentensi hiyo kwa Kiswahili kwanza, kama utakavyomwambia yule mama aliyekushika mkono. Ukishindwa kumwambia yeye kwa sentensi mbili, bado hujaielewa mwenyewe. Ukishaipata, ndipo uipeleke kwenye Kiingereza, kwa sentensi fupi fupi, kila moja na kitenzi chake.

Mchoro uwe mmoja, mistari miwili, rangi mbili. Utakapoufungua usikimbilie kusema unaonyesha nini. Waambie kwanza mstari wa chini ni miezi, wa pembeni ni nyuzi za joto, huu wa buluu ni maji marefu, huu mwekundu ni kina kifupi. Ni sekunde 10 tu, lakini bila hizo nusu ya ukumbi watakuwa wanatafuta maana ya mistari huku wewe umeshafika mbele. Kuhusu ukubwa wa maandishi, weka kompyuta juu ya meza, rudi nyuma hatua sita, usome. Usichoweza kusoma, kifute.

Jizoeze ukiwa umesimama, kwa sauti, saa ya simu ikiwa imewashwa. Kujizoeza kimoyomoyo kitandani hakuhesabiki. Mara ya kwanza utakuta umetumia dakika 17. Usijaribu kusema haraka zaidi. Toa slaidi. Rudia. Ukifika dakika 11 na sekunde kadhaa acha hapo, kwa sababu siku yenyewe utapoteza muda kusubiri projekta na kutafuta kitufe. Sentensi mbili za mwanzo zishike kwa moyo kama Alhamdu, uweze kuzisema hata ukiamshwa usingizini. Zilizobaki usizikariri. Mtu aliyekariri wasilisho zima akisahau neno moja hana pa kushika.

Mdomo ukikauka, simama. Kunywa maji. Kwako wewe sekunde tano za kimya ni mwaka mzima, kwa wanaosikiliza ni mtu anakunywa maji. Mimi mwenyewe, miaka mingi iliyopita, nilisahau jina la spishi niliyoifanyia kazi miaka minne. Nilinyamaza, nikatazama karatasi yangu, nikalisoma, nikaendelea. Chai ya saa nne watu waliniuliza habari za matumbawe. Ule ukimya hakuna aliyeutaja.

Sasa maswali, na hapa nitakaa kidogo.

Mwaka 1963 kijana mmoja wa Kitanganyika aitwaye Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Aliona nafasi kwenye friji inakwisha, akauweka mchanganyiko wake ukiwa bado wa moto, na ukaganda kabla ya wa mwenzake ambao haukuwa umechemshwa. Alimuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Alipohamia Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, akachekwa. Kisha siku moja akaja mgeni kutoa mhadhara, mwanafizikia Denis Osborne kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam cha wakati ule. Mpemba akasimama mbele ya wenzake akauliza: ukichukua vyombo viwili vya maji yenye ujazo sawa, kimoja nyuzi 35 na kimoja nyuzi 100, ukaviweka kwenye friji, cha nyuzi 100 kinaganda kwanza. Kwa nini? Wenzake wakacheka.

Tazama alichofanya Osborne. Alimwomba alirudie swali. Akamuuliza kama kweli amelifanya jaribio hilo. Kisha akasema hajui, na akaahidi kulijaribu akirudi Dar es Salaam. Akatimiza ahadi. Mwaka 1969 wakachapisha pamoja, Mpemba na Osborne, katika jarida la Physics Education, na hadi leo wanafizikia wanabishana juu ya jambo hilo na wanaliita kwa jina la Mpemba.

Sisi huku tunampenda Mpemba kwa kuthubutu kuuliza, na ni haki yake. Lakini wewe unayekwenda kusimama mbele mtazame Osborne, aliyekuwa msomi mbele ya watoto wa skuli, na bado hakuona aibu kusema hajui. Mambo matatu aliyoyafanya ndiyo utakayoyafanya Mombasa. Mwombe muulizaji arudie, au lirudie wewe kwa maneno yako: "Unauliza kama nilipima usiku pia?" Hapo umepata sekunde nne za kupumua, na umehakikisha unajibu kilichoulizwa. Kama unajua, jibu kwa sentensi mbili. Kama hukupima, sema hukupima, na sema ungelipima vipi. Siku ile mwaka jana ungemwambia yule mzee, "Nilipima maji yakikupwa tu, kwa kipimajoto cha mkononi, na huo ni upungufu," angetikisa kichwa na kuketi. Alitaka kujua, basi.

Na kuna swali moja ninalokuhakikishia litakuja, kwa hiyo liandalie jibu leo. Yule mama anasema maji yamekuwa ya moto. Wewe una miezi 9. Mtu atasimama akuulize: miezi 9 inatosha kusema bahari imepata joto? Haitoshi, mwanangu, na usiruhusu mapenzi yako kwa wale kina mama yakusukume useme inatosha. Miezi 9 inaonyesha tofauti ya vina, na tofauti ya kaskazi na kusi. Mabadiliko ya miaka mingi hayamo humo. Ungeweza kujibu hivi: "Kumbukumbu ya wakulima ni ya zaidi ya miaka 30. Vipimo vyangu ni vya miezi 9. Wanachosema wao ndicho kilichonifanya nipime, na ili kukithibitisha vipimajoto hivi vinatakiwa vibaki majini miaka mingi." Hapo umeubeba ujumbe wake wote bila kuongeza chumvi, na umewaambia wenye fedha waliomo ukumbini kinachohitajika.

Swali la pili litakalokuja ni kwamba habari za maji marefu si ngeni. Dk. Flower Msuya, aliyekuwa mtafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari pale Unguja, amefanya kazi miaka mingi na wakulima kujaribu nyavu za mirija, yaani nyavu ndefu ambazo mwani hukua ndani yake, kwenye maji marefu. Unalijua hilo, bila shaka umemsoma. Litaje mwenyewe kabla hujaulizwa, kwenye slaidi ya pili, kisha useme wewe umeongeza nini juu yake. Ukumbi unamwamini haraka mtu anayejua waliomtangulia.

Kuhusu Kiingereza, fikiria nani atakuwa amekaa mbele yako. Kanda yetu ya magharibi ya Bahari ya Hindi ina Wamadagaska, Wakomoro na watu wa Réunion wanaosoma kwa Kifaransa, ina watu wa Msumbiji wanaosoma kwa Kireno, ina Wasomali. Kwa wengi wao Kiingereza ni lugha ya tatu. Ukisema taratibu kwa sentensi fupi, utakuwa umewafanyia hisani, na wanaoachwa nyuma ni wasikilizaji wa wale wanaosema mbio. Swali likija kwa lafudhi usiyoielewa, sema hujaelewa. Hakuna kosa. Na Mombasa, mwanangu, ukitoka nje ya mlango wa ukumbi wewe ndiye mwenyeji wa lugha.

Lililoniuma zaidi katika barua yako ni zile siku mbili za mkate na chai. Dakika 15 mbaya unaweza kuzifidia. Siku mbili za kujifungia chumbani ndizo hasara. Wewe ulidhani kongamano limekwisha, kumbe lilikuwa halijaanza, kwa maana sehemu kubwa ya faida yake iko kwenye foleni ya chai, kwenye ngazi, na mbele ya mabango jioni watu wakiwa wamechoka na wameacha kujikweza. WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari wa kanda yetu, ambayo makao yake yako hapo hapo Zanzibar, ilifanya kongamano lake Dar es Salaam mwaka 2017, Mauritius mwaka 2019, na Gqeberha huko Afrika Kusini mwaka 2022. Vijana niliowaona wakitoka kwenye mikutano ya namna hiyo na kitu mkononi ni wale waliokaa meza ya chakula na watu wasiowajua, hata kama walichowasilisha kilikuwa cha kawaida.

Usiku wa kabla, fungua ratiba, chagua watu watatu unaotaka kuzungumza nao. Watatu wanatosha. Kusini-magharibi mwa Madagaska nako wanalima mwani. Atakayekuja kutoka huko mtafute. Usianze kwa kujieleza wewe ni nani na umesoma wapi. Anza na kazi yake: "Nimesikiliza wasilisho lako. Kwenu mwani ukianza kupauka wakulima wanaukata au wanauacha?" Mkulima au mtafiti wa mwani yeyote duniani ukimuuliza hivyo hatakuacha mpaka chai ipoe. Andika jina lake kwenye daftari pamoja na mlichozungumza, na umwandikie ndani ya wiki moja, kabla uso wako haujamtoka.

Na yule mzee. Mtafute. Uwezekano ni mkubwa kwamba naye atakuwapo, kwa sababu watu wa bahari wa kanda hii si wengi na tunakutana wale wale. Mwambie, "Mwaka jana uliniuliza kina gani na saa ngapi. Sikuweza kukujibu. Nimekwenda kupima, na kesho saa fulani nitakuwa najibu." Mkaribishe. Sijui atasema nini, lakini mimi nikiambiwa maneno hayo na kijana, nitakuwa nimekaa kwenye kiti changu dakika 10 kabla ya muda.

La Dubai ni fupi: usilipe. Mkutano wa kweli una fani. Kilimo, biolojia, uhandisi na afya kwa pamoja si fani. Mzungumzaji mkuu wa kweli haalikwi na watu wasiojua anafanya kazi gani, na kwa kawaida halipishwi kiingilio kwa vitisho vya mwisho wa wiki. Futa barua pepe hiyo. Fedha yako ya Mombasa ulizia mapema kwa waandaaji, wengi hupunguza ada kwa wanafunzi na baadhi husaidia nauli, lakini nafasi hizo hufungwa kabla watu hawajaanza kuzikumbuka.

Faili lako liwe kwenye flashi, liwe kwenye barua pepe yako, na liwe na nakala ya PDF, kwa sababu michoro hupenda kuvurugika kwenye kompyuta ya watu. Lipeleke siku moja kabla. Ukumbi ukiwa mtupu ingia, simama pale utakaposimama, uone taa inapiga wapi.

Limebaki moja, na ndilo ninalokuomba ulifanye kabla ya yote. Usivuke kwenda Mombasa hujawawasilishia wale kina mama. Chagua siku za maji mafu, wakati hawashuki shambani, kwa maana siku za bamvua hutampata mtu. Nenda na ule mchoro wako wa mistari miwili umeuchapa kwenye karatasi kubwa, huna haja ya projekta. Kaa nao chini ya mti wanapofungia kamba zao, uwaambie kwa Kiswahili, kwa dakika 12 zile zile: huu mwekundu ni maji ya shamba lenu, huu wa buluu ni maji ya kule nje. Kisha nyamaza wakuulize. Watakuuliza mambo ambayo profesa hawezi kuyafikiria: kama umehesabu siku za mvua, kama unajua kwamba mwezi ule kulikuwa na upepo wa namna gani, nani atawafundisha kuogelea ikiwa mwani mzuri uko kwenye maji marefu. Hilo la mwisho liandike, maana wengi wao hawajui kuogelea, na hata Mombasa halina budi kusemwa.

Tazama jedwali la maji leo hii, upange siku. Halafu niandikie walichokuuliza.